Mzito Chini, Mwepesi Mgongoni

Mwanangu, kuna siku moja ya Julai ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa na kwaya mbili na ng'ombe mzima. Ni siku ambayo wifi yangu alimvua mtoto wangu masweta nje, kwenye baridi ya huku kwetu, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nitakusimulia. Lakini kwanza nikuambie kwa nini imenirudia wiki hii.

Jumapili ulipokuja hapa Pito na wale wanaume wako wawili, mapacha wako, nilikuangalia. Uliniamkia vizuri, ukakaa, ukamweka Brayani kwenye mkeka, naye akaanza kujivuta kwa tumbo akitafuta kuku. Jeremi ukamshika kifuani. Chai ikaja, ukanywa kwa mkono mmoja. Chakula kikaja, ukala kwa mkono mmoja. Mume wako, huyo mjukuu wangu Vitalis anayejiona mchekeshaji, akasema nyumbani kwenu Chanji mnafuga dume na ndama. Ulicheka, mwanangu, lakini nilikuona ulivyomkaza Jeremi kifuani. Baadaye akaninong'oneza kwamba mmenunua mzani, na kwamba kila ukimaliza kuwapima unaingia chumbani, ukitoka macho ni mekundu.

Sikusema kitu siku ile kwa sababu ulikuwa umechoka, na mtu aliyechoka ukimpa nasaha anasikia matusi. Sasa nasema. Kaa vizuri, hadithi yenyewe haina haraka, na mimi pia sina.

Niliolewa hapa Pito nikiwa bado binti wa kucheka ovyo. Uzazi wangu wa kwanza Mungu akanipa wawili kwa mpigo, wasichana, na wakaja kabla ya wakati wao. Kanisani walibatizwa Yustina na Skolastika, ila nani ana muda wa kuita Skolastika wakati sufuria linafurika? Tuliwaita Kulwa na Doto, kama mapacha wengine wote. Kulwa alitangulia, mkubwa, analia kwa sauti ya kudai haki. Doto akafuata. Mama mkwe wangu alimpokea kwa viganja viwili na viganja vikabaki na nafasi.

Kliniki waliwaning'iniza kwenye mzani uliofungwa kwenye boriti. Kulwa akiwekwa, wanawake kwenye foleni walishangilia. Doto akiwekwa, waliniangalia mimi kwa huruma, na huruma ya foleni ni kitu kibaya sana. Muuguzi, mama mmoja mwenye maneno machache, aliniambia, "Mama Kulwa, huyu mdogo anapanda vizuri. Yuko chini ya mwenzake, lakini anapanda. Na hawa waliwahi kuzaliwa, usiwadai kama waliotimiza miezi tumboni." Niliitikia ndiyo, ndiyo. Kwa kweli sikusikia hata neno. Mama wa mapacha hana mzani mwingine ila pacha wa pili. Unamlaza huyu hapa, unamlaza yule pale, basi, hukumu imeshatoka.

Ulipofika msimu wa kuvuna ulezi, ikabidi nirudi shambani. Wewe umekulia Mbeya, huhitaji kuelezwa baridi, ila upepo wa Ufipa ni kitu kingine. Juni na Julai unavuma toka asubuhi, hakuna mti wa kuuzuia, unaingia hadi ndani ya masikio. Kulwa alikuwa mzito. Nikimbeba mpaka shambani, nafika sina mgongo. Kwa hiyo akawa anabaki nyumbani na bibi yake, analazwa kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mafiga, anapiga mateke, anapinduka, anafukuzwa kwenye majivu, anarudi tena. Doto alikuwa mwepesi, wakati mwingine nilisahau kama nimebeba mtu. Isitoshe kila mmoja alisema aliye mdogo ndiye anayehitaji joto. Basi nilimvika sweta, na sweta juu ya sweta, kofia, soksi, nikamzungushia blanketi, nikamfunga mgongoni kwa mbeleko, na juu nikatupia kitenge kizito. Jioni nikirudi, wasichana wa jirani waligombania kumbeba. Kumbeba Kulwa hakuna aliyegombania.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulikuwa na amani kabisa kwamba tunamtunza mdogo kuliko mkubwa.

Kulwa akapinduka. Kulwa akakaa. Kulwa akaanza kutambaa, akawa anakamatwa mdomo umejaa mkaa. Doto, ukimweka chini, alilegea, akaangukia upande, akalia. Na kwa kuwa kilio chake kilikuwa kidogo na cha kusikitisha, mtu alimnyanyua kabla hajamaliza, akarudi mgongoni. Watu wakaanza kusema. Walisema baridi imemwingia mifupani. Mmoja alisema mbele yangu, akiwa amekaa kwenye kigoda changu, kwamba mtoto huyu hatatembea. Nilimpa togwa yake akanywa, nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Ndipo baba mkwe akatuita. Alikuwa mzee mpole, usimfikirie vibaya. Alikuwa na binti yake, Gaudensia, wifi yangu mkubwa, aliyeolewa kule chini Kaoze, bondeni, kwenye joto na mpunga. Gaudensia alikuwa ameolewa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Alikuwa ametuma salamu kwamba kama baridi inamshinda mtoto, yeye yuko tayari kumlea. Na kwetu, mwanangu, kumpa dada mtoto amlee halikuwa jambo la ajabu. Watoto wengi wamekuzwa hivyo na wamekuwa watu.

"Bonde lina joto," alisema baba mkwe. "Mtoto atapata nguvu. Ulezi ukishaingia ghalani, dada yenu aje amchukue."

Mume wangu aliangalia chini. Mama mkwe aliangalia moto. Mimi nilikuwa mkwe, tena mgeni bado, ningesema nini? Nilisema, "Sawa, baba." Ugali niliosonga siku ile ulikuwa mabonge matupu, na hakuna aliyethubutu kuulalamikia.

Gaudensia akaja na lori la mchele. Alishuka mwembamba, mrefu, kichwani mkeka mpya wa ukindu, mkononi furushi la samaki wakavu, na begani mbeleko mpya ambayo bado ilikuwa na harufu ya duka. Alikuwa ameshona na nguo, gauni dogo la bluu lenye ukosi. Nilipoona lile gauni nilielewa. Mtu akishashona gauni, hajaja kusalimia.

"Shikamoo, wifi," nikamwambia.

"Marahaba, Mama Kulwa. Yuko wapi?" Hakusema nani. Wote tulijua.

Lori lilikuwa lipeleke mchele mjini, lirudi bondeni baada ya siku mbili. Likaharibika huko Sumbawanga, dereva akatuma ujumbe kwamba kuna chuma kinasubiriwa kutoka Mbeya. Basi Gaudensia akakaa kwetu, akisubiri chuma, nami nikawa naomba kimoyomoyo chuma kile kisifike.

Kesho yake aliniomba mtoto. "Anizoee," alisema. Ningemnyima kwa sababu gani? Nilimpa, nikaenda kupepeta ulezi uani huku jicho liko kwake. Akazunguka nyuma ya jiko, upande ambao jua la saa sita linapiga ukutani na upepo haufiki. Akatandika ule mkeka wake. Kisha akaanza kumvua Doto. Kofia. Blanketi. Sweta la kwanza. Sweta la pili.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Wifi! Unaniulia mtoto!"

Hakugeuka. "Mbona jua lipo," akasema. "Njoo uweke mkono hapa kwenye mkeka." Nikaweka. Kulikuwa na joto kama ndani ya kitanda. Niliishi kwenye nyumba ile na sikuwahi kujua kwamba ukuta ule una joto, kwa sababu saa sita kila siku nilikuwa shambani, au nimeinama jikoni.

Alimlaza Doto chali na kashati kamoja tu. Mtoto akatulia, akashangaa. Halafu akarusha mguu. Mguu mmoja kwanza, polepole, kama anayeuliza ruhusa, kisha wa pili, kisha yote miwili kwa fujo. Gaudensia akaishika ile miguu, akambinyabinya mapaja, akamsukuma nyayo kwa viganja vyake, na mtoto akamsukuma na yeye. Akasukuma kwa nguvu, mwanangu. Niliona mikono ya wifi ikirudi nyuma.

"Ana miguu mizuri," Gaudensia akasema. Baada ya hapo uso wake ukabadilika. Nilidhani ameona ugonjwa. Nilirudi kwenye ungo wangu na roho nzito.

Tangu siku ile, kila saa sita wakawa nyuma ya jiko. Nitakuambia ukweli, nilimchukia. Nilisikia mwanangu anacheka huko nyuma, kicheko ambacho mimi sijawahi kukisikia, nikasema moyoni, ameshaanza kuwa mama yake. Alikuwa anamlaza kifudifudi, anaweka kijiko cha mti mbele yake kidogo, mtoto ananyanyua kichwa kukitafuta, kichwa kinatetemeka, kinaanguka, kinanyanyuka tena. Akilia, wifi hakumnyanyua upesi. Alilala naye pale pale chini, uso kwa uso, anamwimbia, mpaka mtoto anasahau alikuwa analilia nini. Na kila siku alimletea Kulwa pia. Kulwa alitambaa juu ya mwenzake kama gunia, Doto akawa anajitutumua kumtoa. Siku moja katika kujitutumua huko akapinduka. Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo, akaiweka chini, akapiga vigelegele peke yake.

Chuma kilichelewa zaidi ya wiki mbili. Siku ambayo dereva alituma mtu kusema lori limepona na linapita kesho, Doto alikuwa amekaa katikati ya miguu ya shangazi yake, mgongo umeegemea tumbo lake, mikono yote miwili imekamata kijiko. Akainama mbele, akayumba, akarudi mwenyewe. Yule aliyekuwa anaangukia upande akarudi mwenyewe.

Asubuhi yake tukakusanyika uani. Nilikuwa nimemwogesha Doto, nimemvika lile gauni la bluu, kwa sababu kama anaondoka aondoke msafi. Nguo zake nilizifunga kwenye kitambaa, na mtoto nikamkabidhi wifi. Sikulia. Nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya Gaudensia.

"Haya," baba mkwe akasema, "mtoto yuko tayari?"

"Baba, sitamchukua," Gaudensia akasema.

Baba mkwe akadhani hakusikia vizuri. "Si wewe uliyeomba? Bonde lina joto."

"Niliomba mtoto aliyeshindwa na baridi, baba. Huyu hajashindwa na kitu." Akamgeuza mtoto atutazame sote. "Mnaniambia anapimwa, anapanda. Mwili unakua. Lakini atautumia lini? Yule mzito mnamweka chini kwa sababu anawachosha. Huyu mwepesi mnambeba kwa sababu hachoshi. Asubuhi yuko mgongoni, jioni yuko mgongoni. Miguu imefungwa, mikono imefungwa, mgongo wake haujawahi kuambiwa ujishikilie. Hakuna zaidi ya hilo."

Mama mkwe akakaa chini.

"Nilijua siku ya kwanza," Gaudensia akaendelea, sasa ananiangalia mimi. "Aliponisukuma kwa nyayo, nilijua. Siku zote hizi nimekuwa nikitafuta namna ya kusema kwamba ni lazima aje bondeni. Sijaipata."

Akanipa mtoto. Akachukua furushi lake, akaaga wazazi wake, akaanza kutembea kwenda barabarani. Nilimfuata nikiwa na Doto mkononi, na Kulwa analia nyuma mikononi mwa bibi yake. Tulisimama kando ya barabara, vumbi na upepo. Lori lilipoonekana kwa mbali ndipo aliposema, wala hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayeeleza bei ya mchele.

"Ningenyamaza tu, wifi, leo ningekuwa na mtoto."

Nikamshika. Nilimshika yeye na mtoto pamoja, nikalia machozi yote niliyokuwa nimeyakataza, na yeye akalia, na dereva akapiga honi, tukamwacha apige. Alipopanda, ile mbeleko mpya alikuwa ameniachia begani mwangu bila mimi kujua.

Unataka kujua waliendeleaje. Usitegemee miujiza. Kulwa alitembea kwanza, tena mapema, anatembea anaangusha vitu. Doto alimfuata baada ya muda mrefu kidogo, na mpaka leo ni mdogo kuliko dada yake, viatu hawajawahi kuazimana. Kwa kila kitu alikuwa wa pili, hata meno. Isipokuwa kupanda. Alipojua tu kusimama, tulikuwa tunamkuta juu ya kinu, juu ya kitanda, siku moja juu ya mgongo wa ndama, na Kulwa mzito yuko chini anamlilia ashuke. Likizo za shule nilikuwa nawapeleka wote wawili Kaoze kwa shangazi yao, wanarudi weusi wa jua, wananuna wakiona ugali kwa sababu wameshazoea wali. Walimwita Gaudensia mama. Mwanzoni ilinichoma kidogo. Kisha nikaona kwamba hilo neno lina nafasi ya kutosha watu wawili.

Sasa sikia, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukumbuke.

Mzani wenu sijakataza. Pimeni, lakini mkipima Jeremi, mpimeni na Jeremi wa mwezi uliopita, sio na Brayani. Kaka yake sio kipimo chake. Kama anapanda, mshukuru Mungu, na umkumbuke yule muuguzi wangu: na wako waliwahi kuzaliwa, usiwadai miezi ambayo hawakuipata. Kama hapandi, au ukiona mwili umelegea tu hata umpe nafasi kiasi gani, au upande mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usije kuniuliza mimi, mimi ni bibi, sio daktari.

Lakini akiwa anakua, mshushe. Huruma yako imweke chini pia. Tafuta ukuta wenu wenye jua hapo Chanji, maana kila nyumba inao, tandika mkeka, mvue hayo masweta mawili kati ya manne niliyoyahesabu Jumapili, na ukae naye hapo hapo chini. Atalia. Usikimbie kumnyanyua, wala usimwache peke yake, lala naye uso kwa uso. Na huyo dume wenu mzito mbebe naye mara moja moja, mgongo wako utalalamika, lakini na yeye ni mtoto, anataka kunusa shingo ya mama yake. Anayekuchosha asikose mgongo, na asiyekuchosha asikose ardhi.

La mwisho ni hili. Ndugu wa mume wakija, usiwaangalie kama nilivyomwangalia Gaudensia, kwa jicho la kulinda mali. Atakayekuambia jambo zuri kuhusu mtoto wako anaweza kuwa yule yule uliyekuwa unamwogopa, na huenda kulisema kumemgharimu kitu ambacho hutakijua mpaka barabarani.

Mungu awakuze Brayani na Jeremi, kila mmoja kwa mwendo wake, miguu yao iwe na nguvu na isikupite mbali sana. Akupe usingizi, mwanangu, hata kama ni wa mchana. Amtulize Vitalis na vichekesho vyake. Na wewe akupe wifi mmoja tu, hata kama ni mmoja, atakayekuambia ukweli siku ambayo ukweli huo unamwacha mikono mitupu.